Kitimoto, kachumbari na kifafa: tuyaeleze maambukizi ya tegu kama yalivyo

Ndugu Mhariri,

Tunaandika kuhusu sentensi moja inayorudiwa mno magazetini, redioni na mitandaoni: "Ukila nyama ya nguruwe isiyoiva, utapata kifafa." Ukweli umo ndani yake, lakini imeruka hatua ya katikati, na hatua hiyo ndiyo inayoamua nani augue na nani asiugue. Asiyekula nguruwe akiisoma hujiona yuko salama. Mwenye kifafa huulizwa alikula nini, wala haulizwi anakula na nani, nani anamwandalia chakula, jirani anajisaidia wapi. Lawama zote humwangukia mchoma nyama, na choo kinasahaulika.

Kimelea tunachokizungumzia ni tegu la nguruwe, Taenia solium. Tegu pevu huishi katika utumbo mwembamba wa binadamu. Ni mnyoo mweupe na bapa, kwa kawaida mwenye urefu wa mita 2 hadi 4, na wengine huvuka hapo. Kichwa chake ni cha milimita moja hivi, kina vinyonyeo vinne na ndoano ndogo zilizopangwa safu mbili kukizunguka. Nyuma ya kichwa huota pingili, na zile za mkiani huwa zimejaa mayai. Pingili moja hubeba mayai yapata 50,000, hukatika na kutoka pamoja na kinyesi. Kwa kuwa ni katika utumbo wa binadamu tegu linapopevuka na kutoa mayai, binadamu huitwa mwenyeji wa mwisho wa kimelea hiki.

Nguruwe anayezurura akila kinyesi hicho, mayai huanguliwa tumboni mwake. Viluilui vinavyototolewa hutoboa ukuta wa utumbo, huingia kwenye damu na kusambaa misulini. Huko kila kimoja hujijengea kifuko chenye maji, cha nusu sentimita hadi sentimita moja au zaidi kidogo, na ndani yake huonekana nukta nyeupe ambayo ndiyo kichwa cha tegu lijalo. Nguruwe anayebeba hatua hii changa ni mwenyeji wa kati. Mtu akila nyama yenye vifuko vilivyo hai, kichwa hutoka kwenye kifuko, hujishikiza kwenye utumbo, na baada ya miezi miwili hivi pingili huanza kutoka na mzunguko unaanza upya.

Mpaka hapo hakuna kifafa. Mwenye tegu utumboni mara nyingi hajisikii lolote, au ana maumivu madogo ya tumbo na kichefuchefu cha hapa na pale. Anafanya kazi, anapika, anacheza na watoto.

Kifafa huja mtu anapomeza mayai. Akiyameza, mwili wake hugeuka kuwa mwenyeji wa kati, nafasi ambayo kwa kawaida ni ya nguruwe. Viluilui hupita njia ileile ya utumbo na damu, lakini vikishafika kwenye ubongo, jicho au uti wa mgongo wa binadamu, madhara yake ni makubwa. Tunaomba wasomaji waishike hoja hii hata kama mengine yote watayasahau: mayai ya tegu hayamo kwenye mnofu wa nguruwe. Mnofu una vifuko. Mayai hutoka kwa mtu mwenye tegu, kupitia kinyesi chake, mikono yake, maji na udongo alioupitia.

Sasa tuangalie sahani ya kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, inavyoandaliwa. Nyama ikiwa mbichi katikati, mlaji anaweza kuondoka na tegu utumboni. Pembeni kuna kachumbari: nyanya, kitunguu, kabichi, pilipili, vyote vibichi, vimekatwa kwa mkono. Mkataji akiwa na tegu na hakunawa vizuri alipotoka chooni, mlaji anaweza kuondoka na vifuko ubongoni. Aliyekula kachumbari hiyohiyo na chipsi, bila kugusa nguruwe, yuko kwenye hatari hiyo ya pili sawa na mwenzake. Mayai hayaonekani kwa macho, maana hata 20 yakipangwa mstari hayafiki milimita moja. Yananata, na hustahimili dawa za kuulia vijidudu zinazotegemewa majumbani. Siki, chumvi na ndimu haviyaui. Kinachofaa ni kuosha mboga moja moja chini ya maji safi yanayotiririka huku ukizisugua, ili mayai yaondoke, au kuzipika, maana moto unayaua. Kuchovya kabichi nzima kwenye beseni moja la maji asubuhi na kuyatumia maji hayohayo hadi jioni kunayahamisha tu kutoka mboga moja hadi nyingine.

Anayebeba tegu ni hatari kwanza kwake mwenyewe na kwa wanaokula kutoka mikononi mwake. Ndiyo maana wagonjwa wa vifuko vya ubongo mara nyingi hupatikana katika nyumba moja, au katika nyumba zilizo jirani na mtu mmoja mwenye tegu. Ushahidi unaojulikana zaidi ulitoka mbali na mabanda ya nguruwe. Mwaka 1992 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha uchunguzi wa wagonjwa wanne wa jamii ya Wayahudi wa Orthodox jijini New York, watu ambao dini yao inawakataza kabisa nguruwe, waliopata degedege kwa sababu ya vifuko hivi. Uchunguzi ulielekea kwa wafanyakazi wa ndani waliotoka nchi za Amerika ya Kilatini ambako tegu limeenea. Funzo hilo linaihusu pia Unguja, Mombasa, Muscat, na kila mji ambako wengi hawali nguruwe lakini chakula kinaandaliwa na watu waliotoka kila pembe. Hatusemi haya ili wapishi na wafanyakazi wa ndani wanyooshewe vidole. Mwenye tegu anahitaji dozi moja ya dawa, sabuni na mahali pa kunawia, na mwajiri ndiye anayepaswa kuviweka.

Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba katika maeneo mengi ambako watu wanaishi karibu na nguruwe wanaozurura, tegu hili linahusika na asilimia 30 ya kifafa, na katika jamii zilizo hatarini zaidi kiwango kinaweza kufika asilimia 70. Kwetu Tanzania watafiti wamelifuatilia kwa miaka mingi huko Mbulu na Mbozi, na kwa majirani zetu Kenya, katika kaunti za magharibi kama Busia. Kwa hiyo mtu mzima wa maeneo hayo anayeanza kuanguka bila kuwahi kuwa na kifafa utotoni, vifuko vya tegu viwe kati ya mambo ya kwanza kufikiriwa na mganga wake. Kuanguka kunaweza kuja miaka mingi baada ya kumeza mayai. Kifuko kilicho hai kinaweza kukaa ubongoni kimya. Kinapoanza kufa, kinga ya mwili hukigundua, ubongo unaokizunguka huvimba, na degedege huanza. Aliyehama Mbozi akiwa kijana anaweza kuanza kuanguka akiwa Dar es Salaam, na hakuna atakayeikumbuka Mbozi.

Kifafa chenyewe hakiambukizi. Povu la mgonjwa, mate yake, mkojo au ushuzi wake wakati wa kuanguka havimpi mtu kifafa, na mahali ambapo imani hiyo ipo, watu wameacha ndugu zao waungue motoni kwa kuogopa kuwagusa. Huko Papua, Indonesia, tegu liliingia na nguruwe walioletwa kutoka Bali mwanzoni mwa miaka ya 1970, na dalili ya kwanza iliyowashtua madaktari waliowatibu watu wa kabila la Ekari ilikuwa wimbi la watu wenye majeraha ya moto: walikuwa wakipatwa na kifafa usiku na kuangukia moto wa kuotea. Mtu akianguka mbele yako, msogeze mbali na moto na maji, mlaze ubavu, usimtie kijiko wala kidole mdomoni.

Kwa waandishi tuna maneno machache ya kuombea uangalifu. Kimelea si jina jingine la virusi. Tegu, safura, kichocho na malaria husababishwa na vimelea. "Virusi vya malaria" havipo. Msambazaji, au mdudu mwenezi, ni kiumbe anayekibeba kimelea kutoka mwenyeji mmoja kwenda kwa mwingine, kama mbu wa anofelesi kwa malaria au mbung'o kwa malale. Tegu la nguruwe halina msambazaji, kwa hiyo chandarua na dawa ya kupulizia havina kazi hapa. Konokono wa kichocho naye hamuumi mtu. Ni mwenyeji wa kati, kama nguruwe alivyo kwa tegu, ndiyo sababu kichocho hupambanwa nacho majini. Na maambukizi si lazima yawe ugonjwa: mwenye tegu utumboni ameambukizwa na anaambukiza, ingawa haumwi. Ukijua mwenyeji yupi yupo katika hatua ipi, unajua pa kukata mnyororo. Ukiyachanganya, unapeleka fedha na nguvu kwingine.

Kuhusu dawa ndipo tunapoona makosa ya hatari zaidi, kwa hiyo tutakaa hapo kidogo.

Kwanza, albendazole ya miligramu 400, ile dozi moja wanayopewa wanafunzi shuleni, imelenga minyoo ya mviringo kama mchango na safura. Haitoshi kulitoa tegu kwa uhakika. Mzazi asijiridhishe kwamba "nimeshameza dawa ya minyoo."

Pili, kwa tegu la utumboni kuna niclosamide na praziquantel. Niclosamide kwa mtu mzima ni gramu 2 kwa mara moja, yaani vidonge vinne vya miligramu 500, vinavyotafunwa vizuri kabla ya kumezwa. Ubora wake ni kwamba haifyonzwi kutoka utumboni, kwa hiyo haifiki ubongoni. Praziquantel kwa tegu hutolewa miligramu 5 hadi 10 kwa kila kilo ya uzito, mara moja, na inafanya kazi vizuri. Lakini hii inaingia kwenye damu na kufika ubongoni. Mtu mwenye vifuko ubongoni asivyovijua akiimeza, vifuko hivyo huanza kufa, ubongo unavimba, naye anaweza kuumwa kichwa vikali au kuanguka kifafa ndani ya siku chache. Dozi ya kichocho ni kubwa zaidi, miligramu 40 kwa kilo, kwa hiyo katika maeneo yenye kichocho na tegu kwa pamoja, mgawa dawa amuulize kila mtu kama amewahi kuanguka, kupata degedege, au kuumwa kichwa vikali kusikoisha, kabla hajampa. Akijibu ndiyo, apelekwe kwa daktari kwanza. Kuinunua duka la dawa na kujipimia mwenyewe ni hatari kwa sababu hiyohiyo.

Tatu, vifuko vya ubongoni havitibiwi nyumbani. Vinahitaji kuonekana kwa picha za ndani ya kichwa, yaani CT scan au MRI, na daktari aamue. Vingine vimeshakufa na kuwa na chokaa. Hivyo havihitaji dawa ya kuua kimelea, vinahitaji dawa ya kifafa. Vingine vipo hai na hutibiwa kwa albendazole kwa siku kadhaa pamoja na dawa za steroidi za kuzuia uvimbe, baada ya macho kuchunguzwa, maana kifuko kikifia ndani ya jicho kinaweza kulipofusha. Ubongo uliokwisha kuvimba sana hutulizwa uvimbe kwanza. Katika hali zote hizo, dawa ya kifafa isiachwe ghafla kwa kuwa tu mgonjwa ameambiwa chanzo ni mnyoo. Kuikatiza kunaweza kuleta kuanguka mfululizo kunakoua.

Mtu atajuaje kama ana tegu? Aangalie kinyesi: pingili ni vipande vyeupe, bapa, vya sentimita moja au mbili. Za tegu la ng'ombe, mnyoo wa jamii hiyohiyo apatikanaye kwa nyama ya ng'ombe, hutambaa zenyewe na huweza kutoka hata bila haja kubwa, na mtu huzikuta kwenye nguo za ndani. Za tegu la nguruwe hutoka kimya pamoja na kinyesi, ndiyo maana hazionwi kwa urahisi, hasa kwenye choo cha shimo. Maabara ya kawaida ikipima kinyesi kwa hadubini inaweza kuyakosa mayai, kwa sababu hayatoki kila siku. Hata yakionekana, mayai ya tegu la ng'ombe na ya nguruwe hayatofautiani kwa hadubini. Pingili ndiyo inayotofautisha: ya nguruwe ina matawi makuu 7 hadi 13 kila upande wa mji wa mayai, ya ng'ombe kwa kawaida ni zaidi ya 15. Kwa hiyo mgonjwa akiiona, aiokote kwa kijiti, aitie kwenye chupa ndogo yenye mfuniko, anawe kwa sabuni, aipeleke. Baada ya dawa, siku za mwanzo kinyesi chake kina pingili na mayai mengi. Ajisaidie chooni tu. Apimwe tena baada ya mwezi mmoja na baada ya mitatu, maana kichwa kikibaki, tegu huota upya.

Turudi kwenye nyama. Vifuko hufa kwa moto unaofika katikati ya kipande. Tatizo la nyama choma ni mapande makubwa: nje pamekauka, ndani kuna majimaji mekundu. Kwa asiye na kipimajoto, akate vipande vya sentimita 2 hadi 3, avichemshe kwanza kisha avikaange au avichome, na asitoe sahani ambayo kipande chake kikikatwa katikati kinatoa damu. Nyama ya kusaga ifike nyuzi joto 71. Kugandisha pia kunaua: siku 4 kwa nyuzi 5 chini ya sifuri, siku 3 kwa nyuzi 15 chini ya sifuri, siku 1 kwa nyuzi 24 chini ya sifuri, zikihesabiwa tangu nyama ilipoganda hadi katikati. Mahali umeme unapokatika kila mara, hesabu hiyo haina maana. Moshi, pilipili na ndimu visitegemewe.

Wanunuzi wengi wa nguruwe vijijini humlaza mnyama, humweka kijiti mdomoni, huvuta ulimi kwa kitambaa na kuupapasa chini wakitafuta vifuko. Ukivikuta, hakika anavyo. Usipovikuta, hujajua lolote, kwa kuwa wenye vifuko vichache hupita. Mkaguzi wa nyama naye hukata misuli ya taya, ulimi, moyo, kiwambo na bega, lakini anayoiona ni nyama iliyofika machinjioni tu. Nguruwe aliyekutwa na vifuko ulimini hachinjwi machinjioni. Huchinjwa usiku nyuma ya nyumba na kuuzwa kwa bei ya chini. Mfugaji anafanya hivyo kwa kuwa nyama ikikamatwa hasara yote ni yake. Tunaamini ukaguzi hautafanya kazi vijijini mpaka hasara hiyo itafutiwe njia, na tungependa gazeti hili liwaulize wahusika wa mifugo jambo hilo.

Kwa nguruwe aliye hai ipo oxfendazole, miligramu 30 kwa kila kilo ya uzito, mara moja kwa mdomo. Inaua vifuko vya misulini, ingawa makovu yake huchukua miezi kadhaa kuisha kwenye nyama, na siku za kungoja kabla ya kuchinja zilizoandikwa kwenye lebo zifuatwe. Ipo pia chanjo ya TSOL18, inayomkinga nguruwe dhidi ya mayai mapya, ila haiondoi vifuko alivyokwisha kuwa navyo. Ndiyo sababu vitu hivi viwili hutolewa pamoja, na chanjo hurudiwa.

Mwisho ni banda. Katika vijiji vingi nguruwe hufungiwa msimu wa kilimo ili wasile mazao, kisha baada ya mavuno huachiwa, kwa sababu pumba ni ghali na mashamba hayana tena cha kuharibiwa. Miezi hiyo ya kiangazi ndiyo wanayokula vinyesi vichakani. Anayeamua kuwafungia mwaka mzima apange chakula tangu wakati wa mavuno: pumba za mahindi zihifadhiwe pakavu, majani ya viazi vitamu yakatwe na kupelekwa bandani. Sakafu iinuliwe au iwe ya saruji, na yeyote anayehudumia banda asijisaidie humo wala karibu yake. Nguruwe wanaofungiwa bandani hupata vifuko kwa njia hiyo hasa. Choo kiwe na kuta na mlango ambao nguruwe hawezi kuusukuma kwa pua, tundu liwe na mfuniko, na pembeni kuwe na maji na sabuni. Kibuyu chirizi cha lita 5 kinachoning'inizwa kwenye mti kinatosha kaya moja, mradi kijazwe kila siku.

Wako,
Wataalamu wa afya ya binadamu na mifugo,
Nyanda za Juu Kusini, Tanzania